Mawese kwenye karto ya wafu

Apa kwanza kwamba hii haitatoka kinywani mwako. Umeapa? Bon. Hata mimi nilimwapia rafiki yangu Chimène wa Lubunga, jana tu, na sasa sikiliza.

Chimène anapanga fiche, zile karatasi za matibabu za wagonjwa, katika kliniki moja ndogo. Za walio hai zinakaa kwenye rafu, za waliokufa ndani ya boksi, ile karto, katika depo, stoo isiyo na dirisha. Alors, asubuhi moja akakuta fiche ya mutu aliye hai ndani ya karto ya wafu. Kabla ya jua kuzama, yule mutu akafa. Ikatokea tena. Na tena.

«Ufunguo ya depo iko kwako peke yako,» akasema Tonton Léon, mkubwa wa wauguzi. «Donc mulozi anayewaroga ni nani, mimi?»

«Tonton, chukua ufunguo, ulale nayo.»

Lakini kwanza Chimène akapaka karto mafuta ya mawese.

Asubuhi umeme ulikatika. Ndani ya depo wakasikia kwarakwara, kwarakwara, karatasi zinapekuliwa. Léon akafungua. Giza tupu, hakuna mutu.

«Onyesheni mikono!» akapaza sauti Chimène.

Wafanyakazi, safi. Wagonjwa, safi. Akabaki Mama Berthe, mgonjwa aliyepooza, ambaye tangu mwaka jana hainui hata kijiko. Chimène ndiye anamulisha buyi, uji wake. Léon akafunua shuka mbele ya watu wote.

Mikono yote miwili ilikuwa myekundu ya mawese. Na katika vidole vilivyokaza, fiche ya Chimène mwenyewe, ile ya siku alipotibiwa malaria hapo.