Filamu Mbili za Watu wa Anga

Jumapili moja ya mwaka 1966, umati ulimsukuma Verdiane mlangoni mwa ukumbi wa misheni ya Masisi, kitambaa chake cha kichwa kikaanguka. Kikaokotwa na mwanaume mrefu aliyevaa koti la sufu, zito kuliko baridi ya milima ile. Aliitwa Straton, mwalimu mpya. Wakaketi pamoja.

Madirisha yalizibwa kwa blanketi, padri akaonyesha filamu ya Amerika. Viumbe wa angani walivaa sura za majirani, hata mke akashindwa kumtambua mume. Verdiane alijikuta ameushika mkono wa Straton.

Nje, Straton alimweleza kwamba katika filamu za Warusi watu wa anga wana sura nzuri, dunia yao imeharibika, nao wanaomba msaada tu.

"Waamerika banaogopa mugeni," alisema. "Warusi banamungojea."

"Ulionea wapi hizo?"

"Bruxelles, kule Ubelgiji, kwenye nilisomea."

Wakapendana. Verdiane alimtania kwa kumwita "muntu wa anga", naye akamwita "nyota yangu". Kisha Marcellin, kaka yake Verdiane, karani wa territoire, yaani ofisi ya wilaya, akamwambia kuwa Straton hakusoma Ubelgiji. Alisoma Moscow, na waliotoka huko walishukiwa kuwa waasi.

Tangu hapo Verdiane alimchunguza: alivyokula, alivyonyamaza jeep ya askari ikipita. Mwishowe akamuuliza.

"Njo kweli, nilisomea Moscow," Straton alijibu. "Banafunga batu juu ya ile."

"Na mimi pia ulinificha."

Straton akageuka akaenda zake. Kesho yake alikuwa ameondoka. Askari walikuja kumhoji Verdiane; akasema hajui alikokwenda, na kweli hakujua. Baada ya majuma, dereva wa lori alimletea salamu za siri za Straton kutoka kijiji cha Buleusa. Verdiane akapanda lori mpaka Walikale, akamalizia kwa miguu.

Alimkuta Straton akilima muhogo kando ya nyumba yake, bila koti. Verdiane alidai ukweli wote, naye akamwambia, hata habari za msichana wa Moscow aliyekuwa akimpeleka sinema, ambaye Straton alikaribia kumwoa. Alisema amemsahau. Verdiane hakuwa na njia ya kuhakikisha.

Kisha Straton akatazama njia nyuma ya Verdiane.

"Ulikuja peke yako?"

Swali lilimchoma. Siku mbili barabarani, naye anashukiwa.

"Peke yangu."

Straton aliendelea kuitazama njia. Ilikuwa tupu. Akaweka jembe chini.

"Unioe ao nirudi," Verdiane alisema. "Lakini usinidanganye tena."

"Nitakuoa."

Verdiane alimtazama machoni, kisha akatangulia kuingia nyumbani.