Mele Hakurudi Auckland

"Skrubu tano zimebaki, Semisi. Tano!"

"Na kitanda kimesimama?"

"Kimesimama, ila kimeinamia dirishani."

"Basi lalia upande wa ukuta, mke wangu. Nikija nitakinyoosha."

Mele alicheka, bisibisi mkononi, simu ikiwa sakafuni kwenye spika. Ilikuwa Jumamosi yake ya pili Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand, na nyumba nzima ilikuwa na kitanda hicho, birika na kiti kimoja. Alikuwa amepata kazi ya ukunga. Semisi, mumewe kwa miaka sita, alibaki Auckland, mtaa wa Mangere walikojaa Watonga wenzao kutoka visiwa vya Pasifiki, akimalizia kazi yake ghalani na kuongoza kwaya ya kanisa. Walikubaliana kwamba Pasaka ikipita, anamfuata.

"Kuna baridi?" Semisi aliuliza.

"Nimevaa soksi mbili mbili."

"Pole, mpenzi."

Kila siku alimuuliza hivyo, na kila siku Mele aliona anapendwa.

Kazini alijifunza upya. Noeline, mkunga mzee wa pale, alimwonya siku ya kwanza:

"Mwanangu, mwanamke wa mashambani huku akikwambia 'inauma kidogo,' kimbia kavae glavu."

Pasaka ikapita. Semisi akasema kuna mashindano ya kwaya. Mashindano yakaisha, akasema bosi hajapata mtu wa kushika nafasi yake. Mele aliamini, na nusu ya kabati akaiacha wazi kwa ajili ya nguo zake.

Katikati ya Mei, wakati wa chakula cha mchana, wifi yake Lupe alipiga.

"Wifi! Hongereni! Mbona kimya hivyo?"

"Hongera ya nini?"

"Acha maringo wewe. Si umeneja wa kaka! Jana mchungaji katangaza kanisani, mama akalia kwa furaha. Meneja wa ghala zima!"

Mele aliweka uma chini. "Ameanza lini?"

Lupe alishusha sauti.

"Wifi... hujaambiwa?"

"Lini, Lupe?"

"Wiki ya tatu sasa. Mungu wangu, mimi na mdomo wangu huu!"

Mele alimwandikia mumewe maneno mawili: "Hongera, meneja." Semisi akapiga mara nne. Mele hakupokea, kwa kuwa mama mmoja alikuwa amemng'ang'ania mkono kwa uchungu, na mtoto wa kike alizaliwa saa tisa alasiri. Ndipo Mele alipokwenda kukaa ndani ya gari lake, akapiga.

"Mele, nilikuwa nataka kukueleza..."

"Ulisaini mkataba?"

"Nilisaini."

"Na kuja huku?"

"Mele, sikiliza..."

"Sema, Semisi. Kazi yangu ni kusubiri watu wasukume."

"Nilidhani utarudi," alisema hatimaye. "Nikasema baridi na upweke vitamshinda, miezi mitatu, minne, atachoka mwenyewe. Sikutaka kukukataza. Ungesema nakubania."

Mele alikitazama kioo cha mbele kinavyojaa ukungu wa pumzi zake.

"Kwa hiyo kila ulipouliza kama kuna baridi, ulikuwa unapima nimebakiza siku ngapi."

Mele akafuta kioo kwa kiganja.

"Ungesema hutaki kuja, ningekasirika, tungegombana, yangeisha. Lakini ulinibusu uwanja wa ndege, ukaniombea heri, huku moyoni unaomba nishindwe. Sirudi. Na usinipigie mpaka uwe na la kweli."

Mama mkwe naye alituma ujumbe: "Binti, mahali pako ni kando ya mume wako. Rudi." Mele akajibu: "Nakuheshimu sana, mama. Kazi yangu iko huku."

Wiki zile alilia, ndiyo. Lakini pia alitandaza nguo zake kabati zima. Akajiuliza, akiosha vyombo, kama kweli anaupenda mji huu au anataka tu kumshinda mume wake. Swali hilo lilimsumbua siku nyingi. Asubuhi moja alipita barabarani, mwanamke aliyejifungulia mikononi mwake, ambaye hata jina alishamsahau, akapiga honi ya gari na kunyanyua kitoto chake dirishani Mele akione. Mele aliendelea na safari akitabasamu peke yake, na hakujiuliza tena.

Juni, Jumamosi adhuhuri, mlango uligongwa. Semisi alisimama pale, pua nyekundu kwa upepo, boksi la barafu mikononi.

"Mama hajui niko hapa."

"Ndani kuna nini?"

"Nyama ya kondoo, nimeifunga kwenye majani ya magimbi, na tui la nazi. Nimepika mwenyewe. Uwanja wa ndege wameikagua kama bomu."

Mele hakucheka. Alimpisha aingie. Semisi akakaa kitandani, kwa kuwa kiti kilikuwa bado kimoja.

"Ulisema niwe na la kweli. La kweli ni kwamba naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Mangere nikitembea, watoto wananiita mwalimu wa kwaya. Huku nitakuwa nani? Mtu aliyebebwa na mkewe kama sanduku."

"Mimi nilikuwa nani nilipofika? Siku ya kwanza mgonjwa aliniuliza vyoo nitaanza kusafisha saa ngapi."

Semisi aliinua uso. "Hukuniambia."

"Ningekuambia, ungesemaje?"

Alifikiri. "Ningesema rudi."

"Basi na mimi nilikuficha."

Upepo ulikuwa ukipiga bati la gereji.

"Nikiacha umeneja, utanisamehe?"

"Usiuache ili nikusamehe. Utakuja kuninunia humu miaka kumi. Kaa wiki moja, uone. Kisha useme unachotaka, hata kama ni hapana."

Akakaa. Alipika, alitembea kwenye upepo, alimwona mkewe akirudi amechoka na kula amesimama. Jumatano, dukani, mwanamke mmoja alimwekea Mele mtoto mikononi bila hata kumsalimu Semisi aliyeshika kapu.

"Yule hakuniona kabisa," alisema ndani ya gari.

"Imekuuma?"

"Imeniuma. Lakini nilikuwa nakutazama wewe. Miaka sita sijawahi kukuona umesimama vile."

"Vile vipi?"

Semisi alinyoosha mgongo na kuinua kidevu, kumwonyesha.

Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, Semisi alishusha begi chini.

"Nataka kuja. Bado naogopa, ila nataka."

"Na mama?"

Akatoa simu, akampigia palepale. Sauti ya mama ilisikika hata bila spika:

"Umerogwa, Semisi! Meneja mzima! Huyo mwanamke amekuita?"

"Hajaniita, mama. Nakwenda mwenyewe."

Alikuja Agosti. Alipata kazi kiwanda cha maziwa ya unga, kupakia mifuko. Hakuwa na cheo, na hakuna aliyemjua. Siku ya kwanza, mchana, simu ya Mele ililia mlio wa ujumbe: "Msimamizi kauliza jina langu mara tatu, bado ananiita Simisi. Mgongo unauma. Nimekula peke yangu."

Mele aliandika kwamba atazoea, akafuta. Akaandika: "Saa kumi nakuja kukuchukua. Kesho pia utakula peke yako. Labda na keshokutwa."

"Unanitia moyo kweli wewe."

"Si tulikubaliana ukweli?"

Saa kumi Semisi alitoka getini taratibu, unga mweupe umemjaa kwenye nyusi. Aliingia garini, akafunga mkanda, akalaza kichwa kwenye kiti.

"Vipi?" Mele aliuliza.

"Vibaya. Vibaya sana." Akamshika mkono, akafumba macho. "Twende nyumbani."

Mele akawasha gari. Hakumuuliza nyumbani wapi.