Glasi ya Léontine

"Maziwa mepesi leo, Anselme. Ng'ombe nao wamekaa matanga?"

"Wana haki yao, Bi Eulalie," alijibu, akimmiminia jirani yake kikongwe, mlangoni pake, maziwa ya kila jioni. Ulikuwa mzaha wao wa kwanza tangu amzike mkewe, Léontine. Na hilo ndilo lililokuwa jambo la mwisho la kawaida.

Kikongwe hakufunga mlango. Akanong'ona, "Maji uliyamwaga?"

Katika bonde lile, akifa mtu, maji yote ya nyumbani humwagwa kabla jeneza halijatoka. Roho huoga humo iende zake. Yakibaki, roho nayo hubaki.

"Niliyamwaga. Ndoo, birika, hata ya kuku."

"Yote?"

"Yote."

Alidanganya. Kando ya kitanda ilikuwapo glasi aliyonywea Léontine mara ya mwisho, maji nusu, alama ya midomo yake bado ukingoni. Mkono wa Anselme ulikuwa umekataa kuyamwaga.

Akarudi kwa njia ya mtoni. Ukungu ulikwisha kufunika malisho.

Alipofungua mlango alipokewa na harufu. Sabuni. Nywele mbichi.

Sakafuni, nyayo. Ndogo, peku, za majimaji. Zilitoka chumbani hadi kizingitini, zikageuka. Zikaja tena, zikageuka tena. Hapakuwa na hata moja iliyovuka.

Tone... tone...

Glasi ilikuwa imejaa pomoni. Maji yake meupe kwa sabuni, kama yaliyokwisha kuogewa.

"Léontine?"

Kikohozi. Kile kile cha siku zake za mwisho.

"Niache niende, Anselme... Nimechoka kurudia mlangoni."

Dirisha lilikuwa wazi. Kumwaga tu, na angekwenda. Akaiinua glasi. Akaishika mpaka vidole vikafa ganzi, kisha akairudisha mahali pake, taratibu, lisimwagike hata tone.

Usiku kucha nyayo zilikwenda, zikarudi.

Kulipokucha, aliyanywa yale maji. Yote. Nyumba ikanyamaza.

Akaenda moja kwa moja kwa Bi Eulalie.

"Jana nilikudanganya. Ilibaki glasi moja. Sasa ni tupu."

"Afadhali, mwanangu. Umeyamwaga wapi?"

Alifungua kinywa ajibu. Kikamtoka kikohozi.

Hakikuwa chake.

Kikongwe alilitoa birika lake mekoni, akamwaga maji uani, akarudi kuchukua ndoo.