Nembo ya Rangi Kumi na Moja

Duka la wino na rangi lilifurika kama kila Jumamosi, wapaka nyumba na maseremala wakipigana vikumbo mbele ya kaunta. Katikati ya msukosuko huo alisimama kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye viwiko, miwani ya duara, akiinua kopo la wino na kulilinganisha na kioo cha simu.

Nyuma yake alikuwa fundi wa kuchapa fulana, mwanamke wa miaka thelathini, aproni yake ina madoa ya miaka sita. Alimtazama kama mtu amtazamavyo mbuzi aliyekwama juu ya paa.

“Kaka, simu ina taa, wino hauna. Ukitaka kuijua rangi, chovya kidole.”

Kijana akachovya, kidole kizima, mpaka mwenye duka akaja juu. Fundi akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomponza.

Kumbe walikuwa na kazi moja. Kijana alikuwa msanifu, na kamati ya tamasha la mtaa ilimpa jukumu la kubuni sura ya tamasha: nembo, herufi na rangi za kwenye mabango, bendera na fulana mia tatu. Fulana zilikuwa za Fundi. Basi kila alasiri Msanifu akawa haishi kuja karakanani kwa Fundi, ameketi juu ya boksi, akisifia hata harufu ya wino. Fundi alimbatiza Bwana Ndiyo, maana hakuna alichoambiwa akakikataa. Alimdharau kidogo, akampenda zaidi, akajiona hana akili.

Kisha Msanifu akaleta nembo. Mtaa wao uko mteremkoni, na kila nyumba ina ngazi tatu mbele ya mlango, ambapo watu huketi jioni kuwasema wenzao. Msanifu alichora ngazi tatu na mtu ameketi, kwa buluu peke yake. Fundi aliitazama kwa muda mrefu.

“Hii mama yangu ataisoma kutoka ng’ambo ya barabara, bila miwani.”

“Imekupendeza, mpenzi?”

“Mpenzi wako nani?”

“Nilidhani wewe.”

“Endelea kudhani,” akasema, lakini siku hiyo alimsindikiza hadi kituoni.

Nembo ikaenda kwa kamati. Kamati ile ilikuwa na watu sita ambao hawajawahi kuchora hata mstari ulionyooka, na kila mmoja alijiona ana jicho. Wa kwanza alitaka njiwa. Wa pili, mikono miwili imeshikana. Mweka hazina alitaka jua, mwingine maikrofoni. Mwenyekiti alitaka simba, ingawa mnyama mkali kuliko wote katika mtaa ule alikuwa paka wa kinyozi. Msanifu aliitikia yote. Zilipofika rangi kumi na moja na ngazi hazionekani tena, alijaribu kuwarudisha nyuma. Ila badala ya kuwaambia nembo imekuwa mbaya, alisema fundi wa fulana hawezi rangi nyingi.

Habari ilimfikia Fundi kwa mdomo wa katibu wa kamati, mama mmoja mwenye wigi na huruma za kupitiliza. “Pole, mwanangu. Tumesikia rangi nyingi zinakushinda. Fulana tumempelekea mwingine, usijisikie vibaya.”

Wiki hiyo hiyo timu ya mpira ikaahirisha jezi zake, na shule iliyoagiza fulana ikanyamaza. Msanifu alipopiga simu, Fundi aliipokea mara moja tu.

“Ni kweli ulisema siwezi?”

“Nilikuwa naiokoa ile nembo, mpenzi. Nilitafuta tu sababu ambayo haitamuudhi mtu.”

“Mimi si mtu?”

Akakata. Simu ziliendelea kuita siku tisa. Mama yake, aliyekuwa akikunja fulana kwenye kona, aliuliza kama huyo anayepiga hana kazi. Alipoelezwa, akasema mwanamume asiyejua kukataa, hata kukubali kwake hakuna uzito.

Siku ya kumi kamati iliwaita wakazi kwenye ukumbi wa shule waione nembo kabla haijachapwa. Fundi alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, akaketi mstari wa mbele, aonekane. Mwenyekiti, ndani ya koti lisilofunga kifungo, aliisifu nembo robo saa. Mshona viatu mmoja akauliza yule kuku ni wa nini. Akajibiwa ni simba.

Hapo Msanifu akasimama.

“Hii nembo ni mbaya, na nimeichora mimi. Nilisema fundi hawezi rangi kumi na moja. Nilidanganya. Anaweza hata ishirini. Mimi ndiye niliyeogopa kuwaambia mnachotaka ni takataka.”

Mwenyekiti alimwambia kazi imekwisha leo, nafasi yake ataichukua mpwa wa mwenyekiti mwenyewe. Kisha akamgeukia Fundi, sauti imelainika: kama anaweza, basi fulana zirudi kwake.

“Naweza,” Fundi akasema, ukumbi mzima ukisikia. “Sitaki.”

Akatoka. Msanifu alimfuata hadi getini, jasho limemlowesha shati, kazi hana.

“Ulinichafua mbele ya watu sita,” Fundi akasema bila kugeuka. “Leo wamekusikia wangapi?”

“Kama themanini.”

“Kidogo umejitahidi.”

Wakatembea pamoja. Mbele ya karakana Msanifu akakohoa, akauliza kama amtume shangazi yake aje azungumze na mama.

Fundi akamtazama kuanzia viatuni mpaka miwanini, kwa dharau ileile ya dukani, ila safari hii mkono wake ulikuwa umeshaushika wa Msanifu.

“Shangazi apumzike. Mama yumo ndani, na wewe mdomo unao. Ingia useme mwenyewe.”