Kadi ya Kifungo, Ugonjwa wa Sabuni

Jumanne, tarehe tisa Juni, saa moja na dakika ishirini asubuhi, manyunyu yalikuwa yakigonga bati la kibanda cha mshonaji. Tangu alfajiri mama huyo alikuwa ameshona mkono uleule wa sare mara mbili, na mara mbili ameufumua. Akili haikuwa kwenye cherehani. Mwanawe wa miaka saba, aliyeitwa Kifungo kwa udogo wake, alilala juu ya marobota ya vitambaa. Koo lilikuwa limevimba. Hata mate yalimshinda kumeza.

Mdogo wake mshonaji, ambaye ni dobi, alichungulia mlangoni akiwa amembeba mwanawe mgongoni. Mtaa mzima ulimwita mtoto huyo Sabuni. Watoto hao walilingana umri na kimo, na walikula sahani moja. Sasa waliugua koo moja.

"Dada, nipe kadi ya bima," alisema dobi. "Kama mara ile."

"Leo mwenye kadi naye anaumwa, mdogo wangu. Kwani ule mpango wa msaada wa bima hukuuendea?"

"Wa ombaomba ule! Mimi nafua, siombi. Nitampeleka zahanati ya sokoni, nilipe taslimu."

Wakaachana.

Kwenye kituo cha afya, tabibu alimpima Kifungo, kisha akasoma kwenye kompyuta.

"Mama, huyu hapewi penisilini. Imeandikwa kwamba mwezi wa Machi alichomwa sindano, uso ukavimba, pumzi ikabana. Mwili wake unaikataa dawa hiyo. Nitatafuta nyingine."

Mshonaji hakuweza kutulia kwenye kiti. Machi ni yeye aliyemleta Sabuni hapa, kwa kadi ya Kifungo, kwa kuwa dobi alikuwa kazini. Uso ulipovimba, mtoto alitibiwa akapona. Tabibu wa siku ile alimweleza sababu, lakini yeye alikuwa akiutazama mlango tu. Aliogopa kuulizwa, kwa hiyo naye hakuuliza. Nyumbani alimwambia mdogo wake, "Ni chakula tu kilimkataa."

Na sasa Sabuni alikuwa zahanati ya sokoni, ambako hakuna aliyejua habari zake. Mshonaji akisema kweli, huenda kadi ikafutwa. Akinyamaza, je?

Akasimama. Akakaa. Akasimama tena.

"Daktari, aliyevimba siye huyu. Ni mtoto wa mdogo wangu. Yuko zahanati ya sokoni sasa hivi, koo hilihili!"

"Mpigie! Upesi!"

Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena.

"Dada, subiri kidogo, muuguzi anavuta dawa kwenye bomba la sindano..."

"Sabuni asichomwe! Mwambie asimchome penisilini! Itamuua!"

Zikasikika kelele, kiti kikianguka, mtoto akilia. Kisha sauti ya dobi ikarudi, imepungua.

"Ameiweka chini sindano. Dada, umejuaje?"

"Niliambiwa tangu Machi. Sikusikiliza."

Adhuhuri ndugu hao wawili walisimama mbele ya dirisha la bima pale kituo cha afya. Watoto wao walikuwa wamekwisha kupewa dawa zinazowafaa. Mzee wa dirishani aliwatazama juu ya miwani.

"Mlidhani mnauzunguka mfuko wa bima. Mliwazunguka watoto wenu. Jalada la mgonjwa ni habari za mwili mmoja. Mkiingiza miili miwili, siku moja mtoto atapewa dawa inayomdhuru."

"Kadi yetu itafutwa?" aliuliza mshonaji.

"Umejisema mwenyewe, na hilo nitaliandika. Jalada litasafishwa. Kadi itabaki, ila gharama ya Machi irudishwe ndani ya siku sitini." Akamgeukia dobi. "Nawe kwa nini hukujiandikisha?"

"Huo msaada ni wa wasiofanya kazi, mzee."

"Nani kakudanganya? Ni wa kaya yenye kipato kidogo, hata kama inafua usiku na mchana. Sabuni unayonunua haina kodi? Basi umechangia. Peleka kitambulisho chako na cheti cha kuzaliwa cha mtoto ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa atakuja kuiona nyumba. Ukikubaliwa, mpango utalipa mchango wenu wa bima."

"Atakuta mabeseni tu."

"Ndiyo anayotaka kuyaona."

Dobi alikwenda kesho yake. Safari ya kwanza alirudishwa kwa kukosa nakala ya cheti, akanuna, akarudi. Afisa alikuja, akauliza, akaandika. Wiki ya sita mtoto alipata kadi yake, yenye picha yake. Juu kabisa ya jalada lake jipya paliandikwa: Asipewe penisilini.

Siku ya hamsini na nane mshonaji alifika dirishani na bahasha. Alimkuta mdogo wake ametangulia, noti zimepangwa mbele ya mzee.

"Toa hizo," alisema mshonaji. "Aliyedanganya ni mimi."

"Aliyetibiwa ni wangu. Bahasha yako mnunulie Kifungo viatu, alivyo navyo vimecheka mpaka gego linaonekana."

Mzee alihesabu. Zilitimia. Akafungua kitabu cha stakabadhi.

"Jina la aliyetibiwa?"

Dobi alilitaja jina la mwanawe, lote, polepole. Mzee akaliandika, akagonga muhuri: Imelipwa.