Helmeti Iliyoning'inia Usukani

Siku ile mjinga alikuwa Chonga, na yeye mwenyewe hakatai. Ukimuuliza, atakuonyesha kovu lililo juu ya sikio lake, acheke, kisha akwambie, "Huu ndio muhuri wa ujinga wangu. Usome vizuri."

Chonga anakaa Tudor na mkewe Mejumaa na binti yao mdogo, Dama. Kazi yake ni kupeleka leso, yaani kanga, kwa baiskeli. Asubuhi huzichukua dukani Biashara Street, akazifunga nyuma kwa mpira, kisha akawapelekea mafundi wa cherehani wa Kibokoni wazikate na kuzipinda.

Mejumaa alikuwa amemnunulia helmeti baada ya tuktuk kumpitia karibu mno. Lakini Mejumaa huyo huyo ndiye aliyemshonea kofia. Kofia yenyewe ilikuwa nyeupe, ya mkono, yenye vitundu vidogo vidogo, imetiwa wanga ikasimama wima. Hapo ndipo shida ilipoanza. Vya kuvaa viwili, kichwa kimoja.

"Baba Dama, vaa helmeti," Mejumaa alimwambia mlangoni asubuhi hiyo.

"Nikivaa helmeti, kofia yako yapondeka. Wataka watu wa Kibokoni waseme mke wangu hajui kutia wanga?"

"Nataka urudi nyumbani mzima. Basi."

"Nitarudi. Na helmeti naenda nayo, tazama." Chonga akaining'iniza kwenye usukani kwa mkanda wake. "Haya, si imepanda baiskeli?"

Mejumaa hakucheka.

Kibokoni vichochoro ni vyembamba. Chonga alikuwa akiteremka mbio, kofia kichwani, anawasalimia watu huku na huku. Ghafla mkokoteni wa maji ukatokea kwenye kona. Chonga akakata usukani. Helmeti ikabembea, mkanda wake ukaingia kwenye njiti za gurudumu la mbele. Helmeti ikagongwa ikapasuka, gurudumu likakwama. Baiskeli ikasimama, Chonga hakusimama. Aliruka juu ya usukani, kichwa kikagonga ukingo wa baraza ya mawe.

Fundi Kamaludin alitoka dukani mwake mbio, utepe wa kupimia ungali shingoni. Akachukua kitambaa safi, akakibana kwenye kidonda.

"Kofia yangu iko wapi?" Chonga akauliza.

"Wavuja damu, wauliza kofia? Tulia. Mwanao aitwa nani?"

Chonga akafungua mdomo. Jina halikuja. Akafikiri. Halikuja. Hapo ndipo alipoogopa, na Kamaludin akaogopa zaidi. Aliita tuktuk, akaichukua na ile helmeti iliyopasuka, wakaenda hospitali moja kwa moja.

Daktari alimpima, akapigwa picha ya kichwa. Ndani hakukuwa na damu wala ufa. Muuguzi, Bi Aida, alikuwa akimalizia kufunga kidonda kilichoshonwa, Chonga akasema ghafla, "Dama."

"Dama ni nani?" Bi Aida akauliza.

"Mwanangu. Dama. Dama." Akalirudia jina lile kama mtu aliyeokota pete yake mchangani. Mejumaa, aliyekuwa amefika tangu kitambo baada ya simu ya Kamaludin, akisimama kando, akaketi.

"Alhamdulillahi," akasema taratibu.

Chonga alipopata ahueni, ulimi nao ukapona. "Bi Aida, nikwambie kweli? Aliyeniangusha ni hiyo helmeti. Ndiyo iliyoingia kwenye gurudumu."

"Ingekuwa kichwani," Bi Aida akamjibu, "ingeingiaje kwenye gurudumu?"

Chonga akapapasa bendeji yake.

"Sikiliza, kaka. Helmeti haikuzuii kuanguka. Ukianguka, yapigwa yenyewe kwanza. Ndani ina povu gumu, na povu hilo labonyea badala ya fuvu lako."

"Basi nitaifuta vumbi niivae hiyo hiyo."

"Yako imegongwa na kupasuka. Hiyo si ya kuvaa tena. Nunua nyingine inayokushika vizuri. Ikae sawa, isiegemee nyuma. Kati yake na nyusi pasizidi vidole viwili. Mkanda uufunge chini ya kidevu, ubaki upenyo wa kidole tu. Tikisa kichwa. Ikicheza, kaza."

Kisha akamgeukia Mejumaa. "Dada, usimwache peke yake leo wala kesho. Akitapika, akisinzia ovyo, akizungumza yasiyoeleweka, au kichwa kikizidi kuuma, mrudishe hapa papo hapo. Usingoje kupambazuke."

Katika hayo halikutokea hata moja. Chonga alipumzika mpaka daktari alipomruhusu kupanda baiskeli. Asubuhi ya kurudi kazini Mejumaa alimkabidhi vitu viwili: helmeti mpya, na bakuli la plastiki lenye kifuniko. Ndani ya bakuli mlikuwa na kofia yake, imefuliwa na kutiwa wanga.

Siku hizi Chonga huendesha na helmeti. Akifika Kibokoni huegesha baiskeli, huivua helmeti, hufungua bakuli na kuvaa kofia yake kwa madaha. Dama naye hapakiwi kwenye baiskeli bila helmeti yake ndogo.

Juzi Mejumaa alikwenda kwa Kamaludin kuchukua dera lake. Akamkuta Chonga yuko pale, bakuli mkononi. Kamaludin akaona mahali pa kuchokoza. Yeye pia ana baiskeli, na helmeti hataki hata kuisikia.

"Shemeji," akasema, "mimi siwezi kujivika sufuria kichwani. Na huyu mumeo aifungia kofia bakulini kama biriani. Kazi yote ile ya mkono, vitundu vyote vile! Ikipondeka humo, hutaona uchungu?"

Mejumaa alilikunja dera lake, akalitia mkobani.

"Kofia ikipondeka, shemeji, nitashona nyingine. Kichwa kikipondeka, nianzie wapi?"