Pongo Watano wa Ngenge

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika msitu mdogo wa ukoo huko Ngenge, Kemilembe alihesabu mizoga mitano ya pongo. Wiki iliyopita kamera za mwenzake Derick, mtafiti wa wanyama, zilikuwa zimepiga picha za pongo tisa. Wanne hawakuonekana. Pengine walikuwa hai, na sumu ilikuwa bado humo.

"Chumvi iliyochanganywa na dawa ya kuogeshea ng'ombe," Derick alisema, akinusa mdomo wa mmoja. "Tusipojua kwingine muuaji alikoimwaga, hadi jioni hatutakuwa na pongo hata mmoja."

Mgambo walikuwa wameshamkamata Mustapha, mtega nyaya za kunasia wanyama ambaye kila mnyama akipotea huulizwa yeye.

"Haki ya Mungu, dada! Niue nyama kilo mia mbili halafu niiache ioze? Tena kwa sumu? Nimuuzie nani?"

Kemilembe alimwamini. Kila mzogo ulikuwa umefunikwa majani ya mgomba, yamekatwa kwa kisu na kupangwa vizuri. Nani anamsitiri mnyama kama maiti ya ndugu? Kazi yake yeye ilikuwa mila. Miezi minane alikuwa akiandika miiko ya koo. Kijiji kizima kilikuwa na mtu mmoja tu ambaye pongo ni muziro wake, mnyama wa ukoo asiyeuawa wala kuliwa. Ndiye aliyewaonyesha njia zote za pongo. Kemilembe alitamani sana awe amekosea.

Saa mbili kasorobo walimkuta mzee Kahangwa kibarazani kwake, chai imepoa mkononi mwake.

"Shikamoo, tata," Kemilembe alisema, akimwita baba kwa lugha ya kwao. "Ni wewe uliyewafunika."

"Marahaba." Mzee aliweka kikombe chini. "Ningewaachaje wazi, mwana wange? Ni ndugu zangu."

"Na kuwaua?"

"Ripoti yenu ilisomwa mkutanoni. Mimi nilikupa mila, huyu mwenzako akaleta hesabu yake ya wanyama, mkaziunganisha. Sasa msitu unafanywa hifadhi, hakuna kuingia. Makaburi ya wazazi wangu yako humo. Wanyama wakiisha, hifadhi itakuwa ya nini?"

Ripoti ile Kemilembe aliiandika yeye mwenyewe, kwa fahari. Akapiga magoti mbele ya mzee.

"Chumvi nyingine iko wapi, tata? Nakuomba. Wamebaki wanne."

Kahangwa alimtazama kwa huruma.

"Wale wanne hukaa bondeni, kwenye maji," alisema. "Huko ndiko nilikoanzia kumwaga chumvi, juzi."